Milioni Moja na Tisa

Chukua kalamu uandike kwenye kiganja chako: 1,000,009. Usiandike kwenye simu, maana simu itakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na mimi leo sitaki ujibiwe haraka. Sasa niambie: je, kuna namba mbili ndogo zinazozidishana zikaizaa hiyo? Au ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe?

Mimi swali hilo lilinikalia mwaka na ushee. Nililijibu vibaya, nikaliapia, na kwa ajili hiyo mama mmoja wa Ziwani akanyang'anywa kisima chake. Nacheka sasa ninapoandika, lakini siku ile sikucheka, na yeye hakucheka kabisa.

Naitwa Somoe, mzaliwa wa Mikindani, mstaafu wa miguu mibovu na kichwa kizima. Kazi yangu ilikuwa ukokotoaji katika ofisi moja ya upimaji wa ardhi pale Mtwara mjini, kuanzia miaka ya sitini mwishoni. Wapimaji walikwenda porini na minyororo yao, wakarudi wamechanwa na miiba, wakatutupia vitabu vyao mezani. Sisi tuliokaa kivulini tulizichukua zile futi na zile pembe, tukazizidisha na kuzijumlisha mpaka zikawa namba ambazo mchoraji anaweza kuzichorea ramani. Ninyi mnaoanza kazi hii leo hamna mtu anayeitwa mkokotoaji, mna programu. Basi jueni kwamba mimi nilikuwa programu, na nilikuwa nakunywa chai saa nne.

Mkubwa wa meza yetu aliitwa Bwana Kashaija, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku za joto la kuyeyusha sabuni. Alitafuna kahawa yake ya kwao, zile buni zilizopikwa na kukaushwa, akiziweka kwenye kopo la vidonge. Ukipata hesabu alikupa buni mbili. Ukikosa alikupa moja, akisema labda umekosa kwa sababu ya usingizi. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hilo ndilo lilitutisha.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona ofisi nyingine yoyote. Kila aliyeingia pale alipewa namba yake. Hukuruhusiwa kugusa mashine mpaka uwe umeipasua namba yako katika vigawo vyake, au umeapa mbele ya wenzako kwamba haipasuki. Tuliita namba ya kuingilia. Ilikuwa lazima uifanye kwa kalamu na karatasi, wakati wa chai tu, muda wa serikali usiguswe.

Hata dereva wetu, Bakari, alipewa, ingawa kazi yake ilikuwa usukani. Yake ilikuwa 12,345,679, haina nane ndani yake. Bakari hakuipasua hata siku moja, lakini aligundua kituko chake. Mwambie mtu achague tarakimu anayoipenda, tuseme tano. Izidishe kwa tisa, upate arobaini na tano. Sasa zidisha 12,345,679 kwa 45 uone kinachotoka: 555,555,555. Alikuwa akiandika hayo kwenye mchanga huko Nanyamba, wapimaji wakiwa porini, wazee wamemzunguka, na siku moja alirudi na jogoo aliyepewa kwa heshima ya namba hiyo. Bwana Kashaija alisema huo pia ni upasuaji wa aina yake.

Mimi nilipewa milioni moja na tisa.

Niliitazama nikaona ni rahisi. Sifuri tupu, moja mbele, tisa nyuma, ina kitu gani? Mbili haiingii, mwisho ni tisa. Tatu haiingii, jumlisha tarakimu upate kumi, na kumi haigawanyiki kwa tatu. Tano haiingii. Hapo nikakwama, nikaanza kugawanya kwa saba kwa mkono mrefu, Bwana Kashaija akanisimamia nyuma.

"Binti, saba na kumi na moja na kumi na tatu zinakaa nyumba moja," akaniambia. "Zizidishe."

Nikazidisha. Ikatoka elfu moja na moja.

"Basi ikate namba yako matatu matatu kutoka kulia. Kipande cha kwanza kijumlishe, cha pili kitoe, cha tatu kijumlishe. Kinachobaki ndicho utakachowauliza hao watatu."

Milioni moja na tisa: tisa, toa sifuri, jumlisha moja. Kumi. Kumi haigawanyiki kwa saba, wala kumi na moja, wala kumi na tatu. Kwa pigo moja nikawa nimewaondoa wote watatu, na nikapata buni mbili. Niwaambie ukweli, kwangu ile ilikuwa furaha kubwa kuliko mshahara wa kwanza.

Lakini baada ya kumi na tatu kuna kumi na saba, na kumi na tisa, na ishirini na tatu, na hao hawana nyumba ya pamoja. Unawaendea mmoja mmoja. Nililazimika kuandika orodha ya namba tasa zote mpaka elfu moja, maana elfu mara elfu ni milioni, na kama huna kigawo chini ya hapo basi juu pia huna. Ziko mia moja sitini na nane. Niligawanya moja baada ya nyingine, nikaandika kila moja na baki lake, daftari zima la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ilinichukua karibu miezi miwili ya chai. Wenzangu wakila mihogo ya kuchoma mimi nagawanya kwa mia nne na tisa.

Siku nilipomaliza 997 na baki likabaki, nilisimama katikati ya ofisi, nikaapa kwamba 1,000,009 ni tasa. Bwana Kashaija alipekua daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Akafungua kopo.

Akanipa buni moja.

"Nimekosa?" nikauliza.

"Umechoka," akasema. "Kaa kwenye mashine."

Mimi nilisikia neno mashine tu. Nyinyi mngesikia nini?

Ile mashine ilikuwa ya chuma, yenye safu za vidole vya kusogeza, kila safu tarakimu yake, na mkono wa kuzungusha ubavuni. Kuzidisha mara saba unazungusha mara saba. Ukizungusha kinyumenyume inatoa, na ukitoa mpaka ukapita sifuri inakupigia kengele, mtaa mzima unajua umepitiliza. Bakari aliiita cherehani. Niliipenda mno. Baba yangu, ambaye kweli alikuwa fundi cherehani, alikuja siku moja kuniona kazini, akasikiliza mlio wake, akasema sauti ni ile ile ila hakuna nguo inayotoka.

Sasa niwaeleze ulinzi wetu, maana hapa ndipo palipovujia. Mtu akizungusha mkono siku nzima atakosea, hilo linajulikana. Kwa hiyo tulikuwa na jaribio la tisa. Chukua namba yoyote, jumlisha tarakimu zake, na zikizidi tisa zijumlishe tena mpaka ibaki moja. Hiyo tuliita mzizi. Mpimaji akiwa porini aliandika mzizi wa kila urefu pembeni mwa kitabu chake. Sisi tukizidisha, tunazidisha na mizizi vilevile, na mzizi wa jibu lazima ulingane. Ukilingana, unaweka tiki ya bluu. Tiki ya bluu ilikuwa kama muhuri, hakuna aliyerudi nyuma yake.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa ambao sikuujua. Kabla ya shule ya serikali nilisoma chuo cha Kurani kwa babu yangu pale Mikindani, na mkono wangu ulijifunza ubao kutoka kulia kwenda kushoto kabla haujajifunza kitu kingine. Hesabu za kwanza nilifundishwa na babu huyo huyo, kwa mkono huo huo, mamoja kwanza, makumi baadaye. Shuleni walininyoosha. Lakini nikiwa na haraka, tarakimu mbili za mwisho mkono ulirudi kwa babu. Kichwa kinasema arobaini na saba, mkono unaanzia kulia na nne, halafu unaisogezea saba ubavuni, nami naendelea na safari bila kuona.

Ijumaa moja, mwaka mmoja hivi tangu nianze kukalia mashine, akaingia mama mrefu, amejifunga kanga mbili, kikapu mkononi. Alisema anaitwa Bi Fatu, anatoka Ziwani, na hakutaka kukaa.

"Nimekuja kuuliza ntu aliyehamisha kisima changu," akasema.

Mkuu wa ofisi, kijana mwenye tai aliyetoka mkoa mwingine, akamwambia kwa adabu kwamba kisima hakihamishiki.

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Nkorosho haujahama, nyumba haijahama, mimi sijahama. Lakini kisima kimekwenda kwa jirani."

Mambo yalikuwa hivi. Wapimaji wetu walikuwa wamepima mashamba ya Ziwani, wakaanzia kwenye jiwe la barabarani, wakapita mbele ya shamba la jirani, mpaka kwenye mkorosho wa pembeni ambao marehemu mume wa Bi Fatu aliupanda kuwa mpaka. Pale waliweka kigingi cha mti. Namba zikaja kwetu, tukakokotoa, halafu kundi lingine likaenda na namba zetu kuweka mawe ya saruji. Wale wa pili hawakufuata kigingi, maana mchwa walishakila. Walifuata namba. Jiwe likakaa ndani ya shamba la Bi Fatu, likakikata kile kipande chenye kisima. Yeye na mumewe walikichimba kwa mikono yao, viangazi viwili. Jirani akajenga kibanda cha mabati juu yake, akatia kufuli, na Bi Fatu kwa miezi miwili alikuwa anateka maji bondeni, kwenda na kurudi asubuhi nzima.

Na Jumatatu ramani zilikuwa zinapelekwa Dar es Salaam kutiwa sahihi. Zikishatiwa sahihi, kuzibadili ni kesi.

Mkuu akaita jalada. Hesabu ya mstari ule ilikuwa na tiki yangu ya bluu. Mzizi wa kitabu cha porini tatu, mzizi wa karatasi yangu tatu, mzizi wa jibu umelingana. Akamgeuzia Bi Fatu ile karatasi, kana kwamba mama wa watu atasoma.

"Hesabu imesimama, mama. Labda mkorosho ndio ulipandwa vibaya."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na nasema bila kujificha: nilijisikia vizuri. Hesabu yangu imesimama! Nilimhurumia yule mama, lakini nilimhurumia kama mtu aliyekosea.

Bi Fatu alitoa kwenye kikapu kamba ya ndoo yake, imefungwa fundo palipoishia kipimo. "Nimepima kutoka nkorosho mpaka hilo jiwe lenu. Pima nne na nusu, kwa mikono yangu miwili iliyonyooka. Msipoamini mikono yangu, pimeni kamba."

Bwana Kashaija akainuka. Akapiga goti kwenye sakafu na shati lake lile, akailaza kamba kando ya utepe wa chuma.

"Futi ishirini na saba na inchi mbili," akasema. "Inchi mbili ni za fundo."

Akabaki amepiga goti. "Ishirini na saba," akarudia. "Tisa mara tatu." Halafu akanigeukia mimi, wala hakuomba jalada. "Somoe, lete daftari la namba yako."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Nikalileta; nilikuwa nimeliweka kwenye droo kama cheti.

"Nisomee ulizozigawia, kuanzia mia mbili."

Nikasoma. Mia mbili kumi na moja, mia mbili ishirini na tatu, ishirini na saba, ishirini na tisa, thelathini na tatu, thelathini na tisa, arobaini na moja. Bi Fatu amesimama na kikapu chake anasikiliza, mkuu anatazama saa. Hamsini na moja, hamsini na saba, sitini na tatu, sitini na tisa, sabini na moja, sabini na saba, themanini na moja, themanini na tatu, thelathini na tisa.

"Ya mwisho, rudia."

"Mia mbili thelathini na tisa."

"Hiyo ilishapita."

Nikatazama. Kweli, 239 ilikuwa mara mbili, ya kwanza mahali pake, na ya pili baada ya 283, na zote mbili nimeandika baki lile lile, thelathini na tatu, bila hata kushtuka. Mahali pale palitakiwa pawe 293. Mwaka mzima nilikuwa nimeapia namba ambayo sikuijaribu.

"Jaribu sasa," akasema.

Nikagawanya milioni moja na tisa kwa mia mbili tisini na tatu, nimesimama, daftari juu ya paja. Ikaingia mara 3,413. Baki, hakuna.

Basi mmepata jibu lenu. 293 mara 3,413. Kati ya milango mia moja sitini na nane nilibisha yote isipokuwa mmoja, na mmoja huo ndio uliokuwa na mtu ndani.

"Ukipindua tarakimu mbili," Bwana Kashaija akasema, sasa anamwambia kila mtu, "jumla yake haibadiliki. Tatu na tisa ni kumi na mbili, tisa na tatu ni kumi na mbili. Jaribio la tisa haliwezi kuliona kosa hilo hata siku moja. Lakini kosa lenyewe linaacha alama: tofauti yake daima inagawanyika kwa tisa. Jiwe lingepitiliza futi ishirini na tano ningesema nkorosho umepandwa vibaya." Alitamka nkorosho kama Bi Fatu, kwa heshima. "Lakini ishirini na saba, hapana. Hapo mtu amepindua."

Tukafungua kitabu cha porini. Mwandiko mzuri, wa wazi: futi 2,847. Karatasi yangu: 2,874.

Nilitaka sakafu ifunguke. Na kabla aibu haijatua vizuri, hasira zikaja juu yake, kwa sababu nilikumbuka ile buni moja.

"Ulijua," nikamwambia. "Siku ile nilipoapa ulijua."

"Nilijua."

"Mwaka mzima, mzee?"

Alichukua muda kunyanyuka, akijipangusa magoti. "Nilijua namba inapasuka. Nikaona na ugonjwa wako. Nikasema nitangoja auone mwenyewe, akiuona mwenyewe hatausahau. Nilidhani ni mchezo wa chai tu." Akamgeukia Bi Fatu, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. "Mama, huyu amekosea kwa mkono. Mimi nimekosea kwa kunyamaza, na langu ni kubwa. Samahani sana."

Bi Fatu akatutazama wote. "Sasa mtakirudisha au mtaendelea kusoma?"

Wenzangu wakacheka; yeye hakucheka, wala mimi. Mkuu alishika kifutio, akataka namba irekebishwe kimya kimya ramani iondoke Jumatatu kwa amani. Bwana Kashaija akakataa. Alinipa kalamu nyekundu, akaniambia niikate 2,874 kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, niandike 2,847 juu yake, na jina langu kamili pembeni. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaachia ninyi: kosa usilifute, likate. Aliyefuta kosa atalirudia, na hatakuwa na pa kulitafuta.

La pili nilifundishwa alasiri ile ile, nikiwa na macho mekundu. Jaribio la kumi na moja. Anzia kulia: jumlisha tarakimu ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, toa ya nne. Ikitoka chini ya sifuri, ongeza kumi na moja; ikizidi kumi, toa kumi na moja. 2,847 inakupa saba toa nne jumlisha nane toa mbili: tisa. 2,874 inakupa tatu. Tazama, zimeachana! Urefu ule ulizidishwa kwa namba ya pembe kutoka kwenye jedwali, 6,157, nukta tunaiweka mwishoni, nayo inakupa nane. Tisa mara nane ni sabini na mbili, toa kumi na moja kumi na moja, zinabaki sita. Jibu langu la zamani, 17,695,218, lilitoa mbili. Nikazungusha upya, ikatoka 17,528,979, na hiyo ikatoa sita. Tangu siku ile ofisi yetu ikawa na tiki mbili, ya bluu kwa tisa na nyekundu kwa kumi na moja.

Baadaye mambo yalibadilika sana. Futi zikaondoka zikaja mita, tukakaa miezi tukibadilisha vitabu, watu wakilia. Halafu ikaja mashine ya betri, ndogo, unabonyeza inajibu, na cherehani yangu ikapelekwa stoo ikiwa imefunikwa gunia. Vijana waliniuliza tiki nyekundu ya nini tena, mashine haikosei. Ni kweli, haikosei. Nilibonyeza 2,874 mbele yao, ikaizidisha kwa usahihi wa kushangaza. Haikuuliza kama nilikuwa nimekusudia 2,847. Na hiyo yenu ya mfukoni haitauliza pia.

Lakini narudi Ziwani, sijamaliza deni la hadithi.

Jumamosi asubuhi tuliondoka pamoja na Bwana Kashaija kwa Landrova ya Bakari, na jiwe jipya la saruji nyuma. Mimi nilipakiwa pamoja na koleo. Mkuu alikuwa ameniondoa kwenye mashine miezi mitatu, nikafuatane na wapimaji nione namba zinatoka wapi. Nilipinga kidogo, nikakubali.

Jirani alitupokea bila kelele. Tulimwonyesha vitabu viwili, akasikiliza, akavua ufunguo shingoni. "Karatasi ilinipa, karatasi imechukua," akasema. "Mimi sikuomba." Akang'oa mabati yake mwenyewe. Tukapima kutoka jiwe la barabarani, futi 2,847, na utepe ukatufikisha kwenye shina la mkorosho, umekosa kwa upana wa kiganja. Yule marehemu hakuwahi kushika mashine ya aina yoyote.

Jiwe lilipokaa, Bi Fatu akafunga kamba yake kwenye ndoo, akalifungua lile fundo kwanza. Akauliza, "Aliyepindua ni nani kati yenu? Jana mlisoma sana, sikumwelewa vizuri."

Bwana Kashaija akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akanitazama kuanzia viatu vyangu vya ofisini mpaka juu. Akanipa kamba.

"Futi ishirini na saba, sivyo? Basi ndoo ishirini na saba."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Kile kisima kilikuwa na kina cha pima nane, na ndoo ilikuwa ya bati, na wanawake wa jirani walishapata habari, wamepanga madumu na mitungi yao kwenye mstari mrefu. Bakari alikaa kwenye kivuli cha gari akihesabu kwa sauti, tena kwa furaha. Kwenye ya kumi na mbili viganja vilianza kuungua. Kwenye ya kumi na nane Bwana Kashaija akavua saa, akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akaja akashika kamba nyuma yangu, tukavuta pamoja. Bi Fatu alimwona, akamwacha.

Tukafika ya ishirini na saba. Niliiweka chini, nikanyoosha mgongo, nikamwambia, "Mama, zimetimia."

Bi Fatu akainama juu ya ile ndoo. Akachota maji kwa kata, akayaonja ya kwake baada ya miezi miwili, akafumba macho kidogo. Halafu akasema, "Ile ya kwanza ulimwaga nusu. Vuta nyingine."

Nikavuta. Nimezeeka sasa, sikokotoi tena ila dawa zangu za asubuhi na jioni. Lakini nikiandika namba yoyote, nikifika kwenye tarakimu mbili za mwisho nasimama kwanza, maana hapo ndipo ninapoisikia kamba ya Bi Fatu kiganjani.